Kurudisha huduma za wagonjwa wa nje na kuanzisha ushauri kwa simu wakati wa janga: mwongozo kwa vituo vidogo vya afya

Tangu Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alipothibitishwa nchini Kenya, wauguzi na matabibu wa vituo vidogo wamekuwa wakiniuliza maswali yale yale. Tumfungulie nani mlango kwanza? Je, inafaa kumwongezea mgonjwa dawa bila kumwona? Tununue programu gani? Salio la simu litalipwa na nani? Maswali hayo yaliibuka tena ugonjwa wa mpox (uliojulikana zamani kama homa ya nyani) ulipofika nchini mwaka 2024, na yataibuka kila mlipuko mpya utakapowatia watu hofu ya kukanyaga kituo cha afya. Nimeyajibu hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, nikimlenga msimamizi wa kituo chenye watumishi wachache, umeme unaokatika na foleni inayoanza kabla jua halijachomoza.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote: simu ni chekecheo. Kazi yake ni kuwabakisha nyumbani wale ambao safari yao haina faida, ili nafasi, hewa na muda wa tabibu viwafae wale ambao lazima waguswe, wapimwe na wachomwe sindano. Kituo kinachoitumia simu kama kufuli la mlango huua watu kimyakimya. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu na kuandikishwa duniani kote walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Ugonjwa haukupungua, waliopungua ni watu waliofika kupimwa.

Mwongozo huu unahusu magonjwa yanayoenea kwa njia ya hewa na mate, kama UVIKO-19. Ikiwa mlipuko ulio mbele yako ni Ebola au Marburg, utaratibu wa lango ni mwingine kabisa: usimguse anayeshukiwa, mtenge mahali pake, na uite kikosi cha kaunti au cha wilaya mara moja. Sehemu za simu, miadi na dawa zitakufaa hata hapo.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Usianze na programu. Katika kituo kimoja nilichohudumu pwani tulipewa kompyuta kibao mbili za kuzungumza na wagonjwa kwa picha, zikakaa kabatini miezi kadhaa, kwa kuwa wagonjwa wetu wengi walikuwa na simu za kitochi na wenye simu janja walinunua bando la siku moja moja. Kilichotufaa ni daftari na simu ya kawaida. Hakikisha una vitu hivi:

- Rejista zote za miezi 12 iliyopita: za wagonjwa wa nje, za kliniki ya mama na mtoto, na za magonjwa ya kudumu.
- Simu mbili za kituo, zenye kadi za mitandao miwili tofauti, pamoja na betri ya akiba ya kuchajia.
- Fungu la fedha za salio la angalau mwezi mmoja, lililoidhinishwa na kamati ya kituo kabla ya simu ya kwanza kupigwa.
- Daftari kubwa la simu, lililopigwa mistari na kuandikwa vichwa vya safu kwa mkono.
- Kipima presha, kipimajoto, mizani, na oksimita ya kidole, yaani kifaa cha kupimia oksijeni ya damu.
- Barakoa, maji yanayotiririka, sabuni na jiki.
- Orodha ya simu za hospitali ya rufaa, ya gari la wagonjwa na ya wahudumu wa afya wa jamii wa kila kijiji.
- Idhini ya maandishi kutoka ofisi ya afya iliyo juu yako.

Kuhusu idhini, wengi huogopa bila sababu. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua huduma ya afya kwa njia ya kielektroniki kuwa ni njia halali ya kutoa huduma, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaeleza namna ya kuzitunza taarifa za mgonjwa. Uganda ina sheria yake ya data ya mwaka 2019, Rwanda ya mwaka 2021, na Tanzania ya mwaka 2022. Unachotakiwa ni kuomba ruhusa kwa barua, kumtaja mtumishi anayewajibika, na kueleza daftari la simu litafungiwa wapi.

Hatua ya 1: Watafute waliopotea

Tenga siku mbili nzima, keti na rejista pamoja na mwenzako mmoja, na mtoe jina la kila mgonjwa aliyetakiwa kurudi na hakurudi. Andika jina, namba ya kadi, kijiji, namba ya simu, huduma aliyokuwa akiipata, siku aliyoonwa mara ya mwisho na siku aliyotakiwa kurudi. Kazi hii inachosha, na kila kituo hutamani kuiruka ili kiingie kwenye simu haraka. Usiiruke. Bila orodha hii utawahudumia wanaokupigia wenyewe, na wanaopiga wenyewe kwa kawaida ndio wenye nguvu, salio na mtu wa kuwasaidia.

Ukimaliza, watie alama nyekundu wale ambao dawa ikikatika hatari huja upesi: wenye kifua kikuu, wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, wenye kifafa, wenye kisukari wanaojidunga insulini, wenye selimundu, wajawazito, na watoto waliokosa chanjo. Hawa ndio watakaopigiwa kwanza. Mwenye kifafa aliyeachishwa dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma, kwa hiyo asisubiri zamu yake nyuma ya mtu anayetaka kuongezewa dawa ya vidonda vya tumbo.

Utakuta namba nyingi hazipo, au ni za jirani aliyehama. Majina hayo yagawe kwa wahudumu wa afya wa jamii, kila mmoja apewe ya kijiji chake tu, na karatasi yake isitaje ugonjwa wala jina la kliniki. Iseme tu kwamba kituo kinaomba kumwona mtu huyu au kupata namba yake.

Hatua ya 2: Zigawe huduma katika mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la wale wasiozuiwa hata siku moja: anayejifungua, mwenye dharura, mjamzito, mtoto mwenye homa, mwenye jeraha, aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi, na mtoto aliyekuja kwa chanjo. Chanjo naitilia mkazo kwa sababu ndiyo inayosimamishwa kwa wepesi, kwa hoja kwamba mtoto ni mzima na anaweza kungoja. Wakati Ebola ikiua watu 2,287 mashariki mwa Kongo kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, surua iliyokuwa ikienea nchini humo ilikwisha kuua zaidi ya watu 6,000 kufikia Januari 2020, wengi wao wakiwa watoto. Dozi za surua za miezi 9 na 18 zisingoje janga liishe.

Fungu la pili ni la wanaohitaji kuja mara moja kwanza, kisha waendelezwe kwa simu: mwenye presha au kisukari ambaye hajapimwa kwa miezi sita, aliyebadilishiwa dawa karibuni, na mgonjwa mpya wa ugonjwa wowote wa kudumu.

Fungu la tatu ni la wanaotosheka na simu: mgonjwa anayejulikana, aliyetulia, anayehitaji kuongezewa dawa zile zile, anayengoja majibu ya maabara, anayefuatiliwa umezaji wa dawa, anayehitaji ushauri wa lishe, wa uzazi wa mpango au wa msongo wa mawazo.

Onyo: homa haitibiwi kwa simu. Katika maeneo yetu homa inaweza kuwa malaria, na malaria hujulikana kwa kipimo cha damu. Nimeona vituo vikiwaambia watu wenye homa wakae nyumbani wameze dawa ya maumivu kwa sababu ya hofu ya UVIKO-19. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote yaliyomo katika mwongozo huu.

Hatua ya 3: Ipange njia ya mgonjwa kuanzia langoni

Chora njia moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea. Langoni weka maji, sabuni na mtu wa kuuliza maswali matatu: Je, unakohoa? Una homa au ulikuwa nayo jana? Unapumua kwa shida? Anayejibu ndiyo kwa swali lolote hupewa barakoa na kuketishwa mahali pake, chini ya mti au turubai, ambako tabibu humfuata. Wengine huketi kwenye mabenchi yaliyotiwa alama, angalau mita moja kati ya mtu na mtu. Madirisha na milango inayoelekeana yafunguliwe mchana kutwa, maana upepo unaopita chumbani hufanya kazi kubwa kuliko kipimajoto cha langoni.

Askari wa lango mfundishe yeye mwenyewe, kwa maneno na kwa mfano, kwa kuwa ndiye mtumishi wa kwanza kukutana na mgonjwa. Kazi yake ni kuelekeza tu. Hana mamlaka ya kumrudisha mtu nyumbani, hata kama mtu huyo anakohoa, hajavaa barakoa au hana miadi.

Kwa usafi wa meza, viti na vitasa, jiki yenye klorini ya asilimia 3.5 ichanganywe sehemu 1 kwa sehemu 34 za maji, upate nguvu ya asilimia 0.1. Mahali palipomwagika damu au matapishi tumia sehemu 1 kwa sehemu 6, upate asilimia 0.5. Soma kibandiko cha chupa kwanza, kwa sababu nguvu ikiwa tofauti hesabu hubadilika. Tengeneza mchanganyiko mpya kila siku, usiuchanganye na dawa nyingine ya kusafishia, na usimnyunyizie mtu yeyote mwilini.

Hatua ya 4: Gawa nafasi kwa saa

Hesabu hapa ni rahisi. Ukimpa kila mgonjwa dakika 15, tabibu mmoja katika chumba kimoja huona wagonjwa 4 kwa saa. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana ni saa 5, yaani nafasi 20. Usizijaze zote kwa miadi. Toa 12 kwa waliopangwa na uache 8 kwa wanaotokea tu, kwa sababu watu hawataacha kuugua ghafla ati kwa kuwa umeweka utaratibu mpya.

Kabla ya kumpangia mtu saa, muulize anasafirije. Mwaka 2020 amri ya kutotoka nje nchini Kenya ilianza kwa saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, na matatu ya abiria 14 ikaruhusiwa kubeba 8 tu, nauli zikapanda. Mama anayetoka mbali akipewa nafasi ya saa 2 asubuhi katika hali hiyo, amenyimwa huduma kwa heshima. Wa mbali wape saa za katikati, wa karibu waje mapema. Siku ya gulio nayo ina maana yake: wengine hawaji kabisa siku hiyo, na wengine hiyo ndiyo siku pekee ya kupata gari.

Hatua ya 5: Iandae simu yenyewe

Sajili namba kwa jina la kituo. Namba binafsi ya muuguzi huondoka naye anapohamishwa, na wagonjwa hubaki wakipiga simu usiku kwa mtu aliyeko kaunti nyingine. Ibandike namba ya kituo langoni, dukani, msikitini, kanisani na kwa mzee wa mtaa.

Weka saa maalumu za kupiga, kwa mfano saa 8 hadi saa 10 alasiri, foleni ya asubuhi ikishaisha. Tabibu anayepokea simu huku akimpima mgonjwa aliye mbele yake huwakosea wote wawili. Gharama ibebwe na kituo: mgonjwa abipu, kituo kimpigie. Simu moja hula takriban dakika 10 za mazungumzo na 5 za kuandika, kwa hiyo katika saa mbili tarajia simu 8 zilizofanywa vizuri. Ukiambiwa kuna mtu aliyefanya 30, kagua daftari lake.

Hatua ya 6: Piga simu kwa mpangilio huu

Hatua hii ndiyo roho ya kazi, na ndiyo inayoharibiwa na haraka. Fuata mpangilio bila kuruka.

Kwanza, mjue unayezungumza naye, na usitaje kituo kabla hujamjua. Simu nyingi vijijini ni za nyumba nzima. Msalimie aliyepokea kwa adabu: "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu, naomba kuzungumza na fulani." Akija mwenyewe, mwombe akutajie jina lake kamili na mwaka aliozaliwa, kisha ulinganishe na rejista. Usimsomee wewe taarifa zake ili aitikie ndiyo, maana mtu yeyote anaweza kuitikia ndiyo.

Pili, uliza kama yuko mahali anapoweza kusema. "Je, una nafasi ya kuzungumza peke yako, au nikupigie baadaye?" Swali hili dogo nalipenda kuliko mengine yote, na nililijifunza kwa uchungu. Katika kituo kile cha pwani tulituma ujumbe mfupi uliomkumbusha mama mmoja kuhusu kliniki ya siku fulani ya wiki. Kijiji kizima kinajua siku hiyo ni ya nani. Ujumbe ulisomwa na mume kabla yake, na yaliyomfika mama yule hatukuweza kuyafuta. Tangu hapo ujumbe wetu wote unasema hivi tu: "Tafadhali tupigie au bipu namba hii." Hautaji ugonjwa, dawa wala siku ya kliniki.

Tatu, pata ridhaa. Mweleze kwamba utamuuliza maswali, utaandika majibu, na kwamba ana haki ya kukataa na kuja mwenyewe bila kunyimwa huduma. Andika alivyojibu.

Nne, uliza dalili za hatari kabla ya jambo lingine lolote. Kwa mtu mzima: maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, kulegea upande mmoja wa mwili, kutapika damu, degedege. Sikiliza pia pumzi zake. Anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuhema hahitaji maswali zaidi, anahitaji gari. Kwa mtoto: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki. Kwa mjamzito: kutoka damu au maji, kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ukisikia hata moja, yaliyobaki yaache, mpangie usafiri, na usikate simu mpaka ujue nani anaandamana naye.

Tano, kama ana kipimo nyumbani au muhudumu wa jamii yupo naye, chukua namba. Presha ya 180 kwa 110 au zaidi irudiwe baada ya kupumzika dakika 5, na ikibaki hapo aje leo. Mjamzito mwenye 140 kwa 90 aje leo hata kama anajihisi mzima. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 94 aje, ikiwa chini ya asilimia 90 ni dharura. Oksimita hudanganywa na kidole baridi, rangi ya kucha, hina na piko, hivyo kwa bibi harusi au mgeni wake chagua kidole kisichopakwa. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho wakati mwingine husoma juu kuliko hali ilivyo. Mgonjwa anayehema aaminiwe kuliko namba.

Sita, toa uamuzi mmoja ulio wazi: baki nyumbani, njoo siku fulani saa fulani, au njoo sasa hivi. Maneno kama "ukiona vibaya uje" hayamsaidii mtu, kwa kuwa vibaya vya mmoja si vibaya vya mwingine. Taja dalili zenyewe.

Saba, mwombe akurudishie maelezo kwa maneno yake: "Nieleze basi mama, dawa hii utaimeza vipi?" Hapo ndipo utagundua kwamba "mara mbili kwa siku" ameielewa kuwa ni vidonge viwili asubuhi. Kisha taja tarehe ya mazungumzo yajayo, na umuage.

Hatua ya 7: Andika papo hapo

Katika daftari la simu andika tarehe, saa, namba uliyopiga, uliyezungumza naye, dalili, uamuzi, dawa, tarehe ya kurudi, na saini yako. Mwisho wa siku hamishia yale yale kwenye kadi au faili la mgonjwa, la sivyo tabibu wa kesho atamwona kama mgeni. Daftari lilale kabatini kwa kufuli. Kulipiga picha na kuituma kwenye kundi la watumishi ni kuvunja siri ya mgonjwa, hata kama nia ilikuwa kuomba ushauri. Ukihitaji ushauri, mpigie mwenzako na umweleze hali bila kutaja jina.

Kwa simu ongeza dawa zile tu ambazo mgonjwa anazitumia tayari na alionwa ndani ya miezi sita. Usianzishe antibayotiki, usianzishe dawa mpya ya presha, wala usiandike dawa zinazodhibitiwa kisheria.

Hatua ya 8: Toa dawa za muda mrefu kwa hesabu

Mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dawa za miezi mitatu ili asisafiri kila mwezi. Kabla ya kuahidi, nenda stoo. Tuseme una wagonjwa 60 wa presha, kila mmoja akimeza kidonge kimoja kwa siku: kwa siku 90 unahitaji vidonge 5,400. Ikiwa stoo ina 4,000, wape wote siku 60, ambazo ni vidonge 3,600, na uagize vingine leo. Kuwapa wa kwanza miezi mitatu na wa mwisho mikono mitupu ni dhuluma, nayo huvuma kijijini haraka kuliko tangazo lolote.

Dawa inayopelekwa nyumbani ifungwe katika bahasha isiyoandikwa ugonjwa, iandikwe jina na maelekezo ndani, na anayeipokea aweke saini. Insulini isipakiwe kwenye bodaboda juani. Mwenye kuitunza bila jokofu mwelekeze atumie chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa, kati yake mchanga uliolowanishwa maji, pahali penye kivuli na upepo. Dawa ikae katika mfuko usiopitisha maji.

Hatua ya 9: Anza na kundi moja kwa wiki mbili

Chagua kundi moja, kwa mfano wagonjwa wa presha wa vijiji viwili, na uhesabu mambo manne kila jioni: simu zilizopigwa, zilizopokewa, walioambiwa waje, na waliofika kweli. Namba ya nne ndiyo nzito. Mtu aliyeambiwa kwa simu aje leo na hakuja yumo hatarini kuliko asiyepigiwa kabisa, kwa sababu wewe tayari umejua anaumwa. Kila asubuhi, kabla ya foleni kuanza, linganisha orodha ya jana ya walioitwa na rejista ya waliofika. Aliyekosekana apigiwe saa hiyo hiyo, na asipopatikana, muhudumu wa jamii aende mlangoni kwake kabla ya adhuhuri. Mara nyingi sababu ni nauli, au mume hayupo wa kutoa ruhusa, au hakuna wa kumwachia watoto, na yote haya yana ufumbuzi ukiyajua mapema. Usiongeze kundi la pili mpaka pengo hilo la walioitwa na waliofika liwe dogo na ujue sababu ya kila aliyekosa.

Mambo yakikwama

*Simu haipokewi.* Piga mara tatu kwa nyakati tofauti, mara moja ikiwa jioni mtu akisharudi shambani au baharini. Baada ya hapo jina liende kwa muhudumu wa jamii. Usilifute.

*Anayepokea ni mtu mwingine na anadadisi.* Mwambie kwa upole kwamba utapiga tena, umuage. Usibuni uongo, maana utakukuta.

*Mzee haisikii simu, au anazungumza Kigiriama, Kidigo au lugha nyingine ya nyumbani tu.* Tafuta mtumishi wa kituo anayeijua lugha hiyo. Mjukuu atafsiri pale tu mzee mwenyewe akikubali, na mambo ya uzazi au ya VVU yasipitie kwa mjukuu kamwe. Mzee asiyesikia apangiwe kuonwa ana kwa ana.

*Wote wanakuja asubuhi licha ya miadi.* Kwa wiki za mwanzo hilo ni la kawaida. Mwenye miadi aitwe kwa saa yake hata kama aliyewahi alifika alfajiri, na wa alfajiri aelezwe nafasi 8 zinavyogawanywa. Watu wakiona saa inaheshimiwa, nao huiheshimu.

*Salio au umeme umekatika.* Tumia simu ya mtandao wa pili na betri ya akiba, ukianza na wenye alama nyekundu. Wengine wahamishiwe kesho, na tarehe iandikwe upya daftarini.

*Watu hawaji kwa sababu ya uvumi kwamba kituo kinawaweka karantini.* Bango halitatosha. Mwombe imamu, mchungaji na mzee wa mtaa waje kituoni, wapite lango mpaka dirisha la dawa waone kila chumba, kisha waulize maswali yao yote mbele ya watumishi.

*Tabibu wa pekee ameugua.* Lijadili hili kabla halijatokea: andikianeni makubaliano na kituo jirani kwamba simu za dharura zitaelekezwa kwao, mtumishi wenu mmoja abaki kupokea na kuuliza dalili za hatari tu, na miadi ya fungu la tatu isogezwe siku saba, kila mgonjwa akijulishwa kwa sauti wala si kwa kukuta mlango umefungwa.